Printa nimeilipia keshi, kumbe mwenye amri nayo ni kiwanda

Wakuu salaam. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa "printa gani inafaa steshenari". Sitafuti ushauri wa kununua, nimekuja kulalamika.

Nina kibanda cha steshenari hapa Dodoma, njia ya kwenda Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Walio kwenye kazi hii wanajua hela yetu ni ya msimu: dirisha la mikopo ya wanafunzi ya HESLB likifunguliwa, na siku za usaili wa Sekretarieti ya Ajira. Siku ya usaili watu wanashuka na mabasi ya usiku, begi mgongoni, macho mekundu, kila mtu anataka kopi za vyeti na barua irekebishwe tarehe. Kopi shilingi mia, mia, mia, ndiyo inalipa kodi ya fremu.

Sasa asubuhi kama hiyo, foleni imetoka nje ya mlango, printa ya tenki ikawasha taa mbili nyekundu zinapepesa kwa kupokezana. Kwenye kompyuta ikaja taarifa: sponji ya kunyonya wino imefika mwisho wa maisha yake, wasiliana na kituo cha huduma. Wino umejaa kwenye tenki. Karatasi zipo. Umeme, kwa bahati, upo. Kuna dada nilikuwa nimemtolea ukurasa wa kwanza wa CV, wa pili umebaki kwenye mashine, na saa mbili anatakiwa awe ukumbini. Akachukua ule mmoja akaondoka mbio kutafuta kwingine. Hata pesa sikumdai.

Kwa wasioelewa: printa za wino zikisafisha hedi (kile kichwa kinachochapa) zinatema wino kidogo kwenye sponji iliyolazwa chini kabisa, ndani. Unadhani kuna kitu kinachopima kama sponji imelowa? Hakuna. Kuna kaunta tu, inajumlisha kila usafishaji, ikifika namba waliyoipanga kiwandani mashine inajifunga. Na kwa Dodoma kaunta hiyo inakimbia. Kiangazi chetu mnakijua, upepo na vumbi mpaka mvua za Desemba, hedi zinakauka na kuziba, usiposafisha herufi zinatoka na mistari. Umeme nao ukikatika na kurudi, mashine ikiwaka tu inaanza kujisafisha hata hujaigusa. Yaani wino nilioununua mimi unamwagwa kwenye sponji, halafu sponji hiyo hiyo ndiyo inanifungia biashara!

Nikapiga huduma kwa wateja. Kijana mpole, "mteja wetu mpendwa" kila baada ya sentensi. Kituo kilichoidhinishwa kiko Dar, niilete waiangalie. Niilete na nini? Treni ya SGR daraja la kawaida ni 31,000 kwenda tu, na kurudi vilevile, bodaboda za huku na huku sijazihesabu, kwa ajili ya kipande cha sponji? Nikamuuliza, nikibadilisha mwenyewe je? "Utapoteza waranti, mteja wetu." Waranti imeshaisha, kaka. Kimya. "Kuna kingine nikusaidie?"

Aliyenisaidia ni fundi mmoja wa mtaa wa Majengo. Alikuja na kompyuta yake na programu ya kureseti, ufunguo wake unanunuliwa mtandaoni na ukitumika mara moja umekwisha. Akabonyeza, kaunta ikarudi sifuri, taa zikatulia, printa ikaanza kuchapa. Sponji hajaigusa! Ile iliyokuwa imefika mwisho wa maisha yake iko palepale, inapiga kazi.

Najua atatokea mtaalamu aseme sponji ikijaa kweli wino utamwagikia meza. Sawa, nakubali. Basi wekeni kifuniko cha skrubu moja, sponji iuzwe madukani, nibadilishe mwenyewe. Inawezekana, maana kuna matoleo mapya yana boksi la kuchomoa na kuweka jingine. Kwa hizi zetu hawakutaka tu.

Printa ya pili, ya kampuni nyingine, ni ya katriji, vile vikasha vya wino vya kuchomeka. Hiyo ilishusha toleo jipya la programu yake yenyewe, tena kwa bando langu, na katriji mbadala iliyochapa vizuri jana yake ikawa "haitambuliki". Ni sawa na kuuziwa jiko, halafu jiko ligome kuwaka kwa kuwa mkaa hukuununua kwa mwenye jiko. Na msiniambie ninunue orijino. Seti ya orijino inakaribia bei ya printa yenyewe, kwa kopi ya shilingi mia nitairudisha lini?

Majina ya kampuni zangu siyaweki, sitaki kesi, na msibashiri kwa hizi nitakazozitaja, maana haya yalishatangazwa duniani. Septemba 2016 printa za HP za watu wengi zilianza kukataa katriji za watengenezaji wengine, zote siku moja, kelele zikawa nyingi mpaka kampuni ikaomba radhi kwa jinsi ilivyolitangaza jambo hilo. Mwaka 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia ikaipiga HP faini ya euro milioni 10, wateja hawakuelezwa vya kutosha kuhusu vizuizi hivyo. Ufaransa tangu 2015 wana sheria: ukitengeneza kitu makusudi kife mapema ni jinai, hadi miaka miwili jela. Mwaka 2017 chama cha watumiaji cha huko kikapeleka malalamiko dhidi ya watengenezaji wakubwa wa printa, Epson akiwemo.

Sisi tuna FCC (Tume ya Ushindani) na Sheria ya Ushindani ya 2003. Wakikamata katriji feki tunaona kwenye taarifa ya habari, zinateketezwa, hongereni. Orijino inayojizima kwa hesabu ya kiwandani nani anaikagua? Kwenye boksi hakuna hata mstari unaosema mashine hii itagoma baada ya usafishaji kadhaa. Wangeandika, ningejua nanunua nini.

Kama kuna mtu Dodoma, Singida au hata Morogoro anauza hizo sponji zenyewe, anicheki PM, msimu wa HESLB haujaisha. Na nyie wa "hamia leza", tona (wino wake wa unga) nayo mara nyingi ina chipu ya kukataa mbadala.