Wilaya moja, maafisa misitu wawili, na msitu wa kijiji hauna mwenyewe

Wakuu,

Leo tusimung'unye maneno. Taasisi za uhifadhi Tanzania Bara zimepangwa zikusanye mapato. Kulinda miti ni kazi ya ziada. Mnaotaka kubisha karibuni, ila anzeni na ramani.

Tembo akiwa hifadhi ya taifa ni wa TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), akivuka kuingia pori la akiba ni wa TAWA (mamlaka ya wanyamapori). Ngorongoro ina mamlaka yake, hifadhi za misitu za serikali kuu ziko TFS, wakala wa misitu. Hapo angalau waziri ni mmoja. Sasa shuka delta ya Rufiji: mkoko ni wa TFS, kamba aliyejificha kwenye mizizi yake ni wa Uvuvi, wizara nyingine. Maji ni ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, wizara ya tatu. Sheria ya Mazingira ya 2004, ile ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, iko Ofisi ya Makamu wa Rais. Mtu akifyeka mikoko apande mpunga, kila ofisi ina kipande chake cha kosa na hakuna yenye kosa zima.

Lakini hilo ni dogo. Balaa lenyewe liko vijijini.

Tathmini ya misitu ya taifa, NAFORMA, ilikuta hekta milioni 48.1 za misitu. Asilimia 45.7 iko kwenye ardhi ya vijiji. Serikali kuu ina 34.5 tu. Huo mzigo mkubwa kapewa nani? Afisa misitu wa halmashauri, anayeripoti kwa Mkurugenzi wa halmashauri na juu yake TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, na mafuta ya pikipiki anayagombania na madarasa na zahanati. Wilaya hiyohiyo kuna Mhifadhi Misitu wa TFS, anayeripoti kanda yake. Hawa wawili hawana bosi mmoja. Wanakutana kwenye kamati ya uvunaji ya wilaya chini ya Mkuu wa Wilaya, kikao kikiisha kila mtu na njia yake.

Chukua mkaa. Mvunaji anajisajili, kijiji kinatoa muhtasari, kamati inapitisha, TFS inatoza mrabaha (malipo ya serikali kwa mti uliovunwa) na kutoa leseni, kisha inakuja TP, kibali cha kusafirishia. Ukaguzi wa maana uko getini, kwenye vizuizi vya barabarani, na getini wanalinganisha magunia na karatasi. Visiki porini nani anavihesabu? Leseni ya eneo A inabeba mkaa wa eneo B, na karatasi ni safi kabisa. Kusafirisha kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi ni marufuku, kwa hiyo usiku zinapita bodaboda kwa njia za panya.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo penye uozo. Mti ukiwa kwenye ardhi ya kijiji ambayo haijatengwa kuwa hifadhi, mrabaha unakwenda TFS. Kijiji kikitenga msitu wake kwa Sheria ya Misitu ya 2002, mapato ni ya kijiji. Mti ni uleule! Kwa hiyo taasisi inayopaswa kukisaidia kijiji kutenga msitu ndiyo inayopoteza mapato kijiji kikifanikiwa. Mnategemea ikimbie?

Na kutenga kwenyewe si lelemama: kusuluhisha mipaka na majirani, mpango wa matumizi bora ya ardhi, kamati ya maliasili, mkutano mkuu wa kijiji, kupima miti, mpango wa usimamizi, sheria ndogo zipite baraza la madiwani. Vijiji vingi vinakwama kwenye kupima na kwenye sheria ndogo, kwa sababu posho na usafiri wa wataalamu vinatakiwa kabla kijiji hakijauza hata gogo moja. Bila mfadhili, faili linalala. Halafu kanuni za uvunaji za 2019, Tangazo la Serikali Na. 417, zikaingiza mkono wa kamati ya wilaya mpaka kwenye misitu ambayo vijiji vilishaitenga kwa jasho lao.

Kinachotakiwa kinajulikana. Mrabaha wa ardhi ya kijiji uandikwe kwa jina la kijiji ulikotoka, sehemu yake irudi kwenye akaunti ambayo Mkurugenzi haigusi, ilipe doria na upimaji. Na wilaya iwe na afisa misitu mmoja mwenye gari na mamlaka, awe wa TFS au wa halmashauri, mimi sijali.

Mlioko TFS na TAMISEMI humu mpo, tunawajua. Mwenye waraka unaoonyesha mrabaha wa mkaa wa kijiji fulani ulirudi kulinda msitu wa kijiji hicho, auweke hapa.