Lainimani wetu wa Des Moines: woki-oni (bila kulipiwa) chuo kikubwa au skolashipu chuo kidogo?

BabaBaraka_DSM
Wapendwa, habari za leo. Naomba ushauri kwa wenye watoto waliopita njia hii. Kijana wangu wa kwanza yuko mwaka wa mwisho hai skuli hapa Des Moines, Iowa. Anacheza futiboli ya Kimarekani, ile laini ya mbele inayomlinda kotabaki, yule mrusha mpira. Amepata ofa tatu: chuo kikubwa cha ligi ya Big Ten, chuo cha FCS (tabaka la chini la daraja la kwanza), na chuo cha miaka miwili. Yeye na rafiki zake hawataki kusikia kingine ila Big Ten. Mama yake anataka FCS kwa sababu ni karibu. Mimi mpira huu siujui, nilikuwa golikipa kule kambini Nyarugusu. Siku ya kutia sahihi ni Jumatano tarehe 3 Desemba. Mngechagua kipi?

KijanaWaEldoret
Shikamoo mzee. Hiyo ya Big Ten ni skolashipu ama wamemwambia aje woki-oni? Pia tupe urefu, uzito, GPA (wastani wa alama za shule), na anasimama wapi kwenye laini. Bila hayo tutakuwa tunabahatisha na maisha ya mtoto.

MamaWawili_Fort Worth
Na makaratasi, kaka. Ana uraia, grini kadi au viza ya mwanafunzi? Tangu 2025 vyuo vikubwa vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, lakini mwenye viza ya mwanafunzi akipokea hela hizo anaweza kujiharibia viza.

BabaBaraka_DSM
Asanteni. Uraia tulipata wote 2023. Urefu futi 6 na inchi 5, uzito paundi 268, GPA 2.9. Anasimama pembeni kushoto. Alianza darasa la tisa tu, kocha alimwona kwenye foleni ya chakula akamfuata. Barua ya Big Ten nimeisoma tena jana usiku: inasema ni woki-oni aliyehakikishiwa nafasi. Kwa hiyo hiyo siyo skolashipu?

KijanaWaEldoret
Siyo, mzee. Nafasi ya kuvaa jezi wamempa, karo, chumba na chakula ni juu yenu. Wamekuandikia gharama za mwaka?

BabaBaraka_DSM
Dola 27,000. Mimi nilidhani hizo ndizo wanazotoa wao.

Mwalimu_Rashid
Basi tuanze upya, maana sasa ofa si tatu tena. Vyuo vya FCS kwa kawaida vina hadi skolashipu 63, na zinaweza kukatwa vipande: huyu nusu, yule robo tatu. Daraja la pili zilikuwa 36 kwa timu nzima, NAIA (chama kingine cha vyuo vidogo) 24. Daraja la tatu hawatoi hata senti kwa ajili ya mpira, wanaangalia uhitaji na masomo. Hata Drake, hapo hapo mjini kwenu, ni FCS lakini hawatoi skolashipu za futiboli. Ndiyo maana neno FCS peke yake halitoshi. Uliza ni asilimia ngapi, kwa miaka mingapi, na imeandikwa wapi. Kama hela haitoshi, jazeni FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo. Pell Grant, msaada wa serikali kwa wenye uhitaji, mwaka wa masomo 2025-26 ilifika dola 7,395.

FundiGym_Dallas
Kwa lainimani mimi ningempeleka chuo cha miaka miwili bila kufikiri mara mbili. Paundi 268 ni mwepesi kwa laini ya chuo, wale wanagonga 300. Huyu ameanza mpira juzi tu, anahitaji muda wa kula, kunyanyua vyuma na kucheza. Marshal Yanda alianza chuo cha miaka miwili Mason City, hukohuko Iowa, akaja kuchaguliwa Pro Bowl (mechi ya nyota) mara nane na kushinda Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa ya NFL, na timu ya Ravens. Na Iowa Western pale Council Bluffs wamechukua ubingwa wa taifa 2022 na 2023. Hao si watoto.

Mwalimu_Rashid
Fundi, Yanda ni mmoja. Huwataji mamia walioishia hapo hapo.

FundiGym_Dallas
Na wewe huwataji mamia waliokaa FCS miaka minne bila mtu kuwajua.

Mwalimu_Rashid
Nitawataja waliojulikana, tuanze na chuo cha FCS cha Northern Iowa. Spencer Brown alitoka Lenox, mji mdogo ambako wanacheza wanane kila upande. Alifika chuo mwembamba kuliko huyu Baraka, na 2021 Bills, timu ya NFL, wakamchukua raundi ya tatu ya kuchagua wachezaji wapya. Trevor Penning alichaguliwa raundi ya kwanza 2022. Kule North Dakota State, FCS pia, Cody Mauch aliingia woki-oni, akageuzwa kuwa lainimani, akachaguliwa raundi ya pili 2023. Ndiyo, huyo alikuwa woki-oni, sifichi. Lakini ilikuwa mahali ambako wana subira ya kumlea mtu.

MzeeWaUvira
Baba Baraka, nikueleze yaliyotupata, maana dada yangu mpaka leo analipa.

Mpwa wangu alikuwa lainimani kama wako, sisi tuko Kentucky. Chuo kimoja cha FCS kilimpa karo na chumba, chakula ajitegemee. Halafu chuo kikubwa cha jimbo jingine kikapiga simu: njoo woki-oni, mwaka wa pili tunakuweka kwenye skolashipu. Kocha wa laini alikuja mwenyewe nyumbani kwa dada. Alikula sombe na samaki, akaongeza, akamwita dada "mama". Kwetu mtu mzima akila kwako na akasema neno, neno limesemwa. Hakuna aliyemwomba aandike, tungeona ni kumvunjia heshima. Dada akachukua mkopo wa serikali wa wazazi.

Mwaka wa kwanza mtoto aliamka saa kumi na moja kila siku kwenda mazoezini, Jumamosi anasimama pembeni ya uwanja na jezi safi. Msimu ulipoisha yule kocha akahamia timu nyingine. Aliyekuja akaleta malainimani watatu kutoka potali ya uhamisho (orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama vyuo), watu wazima wenye ndevu. Mtoto akaulizia skolashipu yake, akaambiwa ahadi hiyo haiko popote kwenye mafaili. Ikaja sheria ya kikosi kisizidi 105. Wakaitwa ofisini mmoja mmoja, kila mtu dakika chache. Alimpigia mama yake akiwa kwenye gari, hakuweza hata kusema, dada akasikia pumzi tu. Ile FCS ya kwanza ilikuwa imeshajaza nafasi yake. Sasa anasoma karibu na nyumbani na usiku anafanya kazi ghalani.

Sisemi makocha wote ni hivyo. Nasema mwombe aandike, hata kama amekula kwako.

MamaWawili_Fort Worth
Pole sana mzee wangu. Pole kwa dada. Nimesoma mara mbili.

KijanaWaEldoret
Pole mzee. Hiyo 105 ndiyo imebadilisha hesabu yote. Zamani timu kubwa zilibeba watu zaidi ya 120, woki-oni alikuwa na mahali pa kujificha akikua. Sasa vyuo vilivyoingia kwenye ule mpango wa kulipa wachezaji haviruhusiwi kupita hapo, na woki-oni ndio wa kwanza kuguswa. Na ile barua ya zamani ya kujifunga na chuo ilifutwa Oktoba 2024. Kinachotiwa sahihi sasa ni mkataba wa msaada wa fedha. Kama chuo hakina fedha za kuandika humo, hakuna cha kukufunga wala cha kuwafunga wao.

BintiMombasa
Samahani nikiingilia. Kwani lazima acheze huu mpira wa kugongana vichwa? Laini ndiyo inagongana kila mchezo. Mtoto wa futi 6 na inchi 5 angefaa kikapu.

FundiGym_Dallas
Dada, kwenye kikapu urefu huo ni wa kawaida sana chuoni. Kwenye laini ni dhahabu. Mimi namuuliza Baba Baraka: anacheza mieleka? Iowa ni nchi ya mieleka. Tristan Wirfs alikuwa bingwa wa jimbo wa mieleka na wa kurusha tufe kabla ya kuwa lainimani wa Super Bowl. Tyler Linderbaum alimshinda huyo Wirfs kwenye mieleka wakiwa hai skuli, akaja kuwa senta, lainimani wa katikati, akachaguliwa raundi ya kwanza. Miguu na nyonga, hapo ndipo laini inapojengwa.

MzeeWaUvira
Linderbaum alifika chuo kama lainimani wa upande wa ulinzi, si ndiyo? Walimgeuza.

FundiGym_Dallas
Ndiyo, mzee, walimgeuza.

BintiMombasa
Hamjanijibu kuhusu vichwa.

MamaWawili_Fort Worth
Swali lako ni halali, dada, na mimi huwa sitazami mechi ya mwanangu mpaka iishe. Lakini Baba Baraka ana wiki tatu tu. Kaka, GPA 2.9 ni ya masomo yote au ya yale 16 ya msingi? NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kwa daraja la kwanza wanataka 2.3 kwenye hayo 16 tu, na kumi yawe yamekamilika kabla ya mwaka wa mwisho kuanza. Wanangu walisoma Kiingereza cha wageni, na darasa moja halikuhesabiwa. Sisi tuligundua mwezi wa nne, tumeshanunua hadi mashuka.

BabaBaraka_DSM
Mungu wangu. Baraka alisoma Kiingereza cha wageni darasa la tisa mwaka mzima.

MamaWawili_Fort Worth
Usiogope bado, mengine yanakubaliwa. Kila shule ina orodha yake ya masomo yaliyopitishwa. Nenda kwa kaunsela na transkripti (karatasi ya alama) mkononi, usipige simu. Kaa mpaka akuonyeshe.

BabaBaraka_DSM
Nitakuwa pale Jumatatu asubuhi kabla ya zamu. Na yule wa FCS nimempigia, nikamwomba aandike. Hakukasirika. Ametuma: asilimia 70, mwaka mmoja, unaangaliwa upya kila mwaka. Mama yake amefurahi, Baraka amefunga mlango wa chumba tangu jioni. Mieleka hachezi, kocha wa mieleka amemwomba mara mbili.

Mwalimu_Rashid
Asilimia 70 pamoja na Pell inaweza kufunika karibu yote. Waulize kama ikifika mwaka wa pili inaweza kupanda, na jibu hilo nalo liandikwe.

FundiGym_Dallas
Mwambie aende kwenye mieleka. Hilo halina sahihi wala deni.

MamaSalma_Houston
Jamani, mimi ni mgeni hapa. Hiyo orodha ya masomo yaliyopitishwa inapatikana wapi? Wangu yuko darasa la nane, tayari ana paundi 230, na wamemweka kwenye Kiingereza cha wageni wiki iliyopita.