Gari limepita MOT lakini karatasi imejaa maangalizo. Nitengeneze yote?

MamaZuwena_Leicester

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba ushauri kwa wanaojua magari, hasa mlioko huku Uingereza.

Gari langu ni Auris ya 2011, ya petroli. Leo limepita MOT, kile kipimo cha usalama wa gari cha kila mwaka huku, nashukuru Mungu. Lakini karatasi ina kasoro ndogo moja na maangalizo matano. Kasoro ni taa moja ya kibao cha namba nyuma, haiwaki. Maangalizo ndiyo haya: tairi la mbele kushoto limeliwa ukingo wa ndani na linakaribia kikomo, pedi za breki za mbele zimekuwa nyembamba, bushi (mpira wa kiungo) ya mkono unaoshika gurudumu la mbele kushoto imeanza kulegea, springi za nyuma zina kutu, na injini inavuja oili kidogo.

Kijana wa kaunta akanipigia hesabu palepale: pauni 685 kwa vyote. Akaniambia nikiacha, gari litaniangusha siku yoyote. Nikamjibu naenda kufikiria.

Mimi nahudumia wazee, zamu za usiku, asubuhi narudi kwa barabara kuu ya M1 macho yamevimba. Kwenye breki sitaki mchezo. Ila 685 ni hela, na kuna ada ya mdogo wangu Tanga inasubiri, na gari lenyewe mwakani nataka kuliuza. Sasa kama limepita, mbona nalipishwa kama lililofeli?

Kibarua_wa_Luton

Dada, limepita limepita. La kwangu lina angalizo la kutu tangu nilinunue, kila mwaka tunasalimiana. Weka balbu, hiyo 685 tuma Tanga.

FundiKipara

Dada MamaZuwena, pole na zamu. Mimi nimeshika spana huku miaka mingi, na kabla ya hapo mtaa wa Gerezani pale Dar, kwa hiyo mteja anayetishwa kaunta namjua kwa nchi zote mbili. Kibarua amesema kweli kwenye kutu. Kwenye tairi amekupoteza.

Tangu Mei 2018 MOT ina ngazi tatu za kasoro: hatari, kubwa na ndogo. Hatari na kubwa zinafelisha, ndogo haifelishi. Angalizo liko chini kabisa ya hizo, ni mpimaji anakwambia "hiki kiangalie". Hajasema kitengenezwe leo, na wala hujafungwa kutengenezea palepale ulipopimiwa. Bei ya juu ya kipimo kwa gari dogo ni pauni 54.85, na gereji nyingi hutoza chini ya hapo. Faida yao iko kwenye matengenezo, ndiyo maana kijana wa kaunta ana haraka kuliko wewe. Siku nyingine tafuta kituo cha halmashauri: wengi wao wanapima tu, hawatengenezi magari ya watu, hawana sababu ya kukutisha.

Sasa ingia tovuti ya serikali ya historia ya MOT, andika namba ya gari. Ni bure, na vipimo vya zamani vimo humo mpaka maili. Soma miaka mitatu iliyopita. Kama springi zimeandikwa kutu mwaka juzi, mwaka jana na leo kwa maneno yaleyale, hiyo ni chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi, iache. Kilichotokea mwaka huu kwa mara ya kwanza ndicho kinachotembea, hicho ndicho cha kukimbilia.

Pedi. Mpimaji haruhusiwi kufungua gurudumu. Anachungulia na tochi, kwa hiyo "nyembamba" ni makisio ya jicho. Pedi mpya ina kama milimita 10 au zaidi, ikishuka chini ya 1.5 gari linafeli. Mwambie fundi avue gurudumu akupe namba, ya pedi ya ndani na ya nje, kwa sababu mara nyingi ya ndani ndiyo huwahi kuisha. Akikwambia 6, rudi nyumbani ukalale. Akikwambia 3, badilisha, kwa M1 hiyo na macho hayo sikubembelezi.

Tairi na bushi wamekuandikia kama vitu viwili, mimi naona ugonjwa mmoja. Bushi ikilegea mkono unacheza, gurudumu linakaa upande kidogo, tairi linaliwa kwa ndani. Ukibadilisha tairi peke yake, na hilo jipya litakuwa kipara upande uleule. Anza na bushi, kisha tairi, alaimenti (kunyoosha magurudumu) mwisho.

Na usisubiri fundi kulikagua. Simamisha gari pahali tambarare, kata usukani mpaka mwisho, zima, vuta hendibreki. Ingiza mkono nyuma ya tairi upapase ule ukingo wa ndani, polepole, maana waya zikiwa zimetokeza huchoma vidole. Ukikuta laini tu, una siku kadhaa za kujipanga. Ukigusa nyuzi au waya, gari lisitoke hapo hata kwenda dukani. Sheria inataka meno yasipungue milimita 1.6 kwenye robo tatu ya katikati ya upana, mzunguko mzima. Ukingo nje ya hapo unaweza kuwa kipara na gari likapita, kama lako lilivyopita. Likizidi kuliwa, faini inafika pauni 2,500 na pointi 3 kwenye leseni kwa tairi moja, na polisi hatauliza cheti cha wiki jana.

Oili: tandika boksi chini usiku, asubuhi uone. Matone mawili matatu, pima kwa stiki kila wiki, basi. Balbu ni pauni chache, ukilipa zaidi umewalipia chai.

Binti_Mvita

Fundi amemaliza ila la kuuza amelisahau. Mimi nanunua na kuuza magari hapa Coventry. Mnunuzi anasoma ukurasa uleule wa historia kabla hajakupigia simu, na ukitengeneza leo maandishi ya leo hayafutiki. Weka risiti zote. Angalizo la bushi likiambatana na risiti ya bushi halikukati bei. Springi usiziguse, hakuna atakayekuongezea hata pauni kwa springi mpya.

MamaZuwena_Leicester

Nimerudi. Historia nimeisoma: kutu ya springi ipo tangu 2021, oili tangu mwaka juzi. Tairi na bushi ni vya mwaka huu tu. Nimepapasa, hakuna waya, ila ukingo ni laini kama kigae. Nimempata fundi mwingine, pedi amepima 5 nje na 4 ndani, anasema zinafika msimu wa baridi tukazipime tena. Bushi, tairi moja na alaimenti anataka 230. Balbu nimenunua, kijana wangu ameiweka mwenyewe.

Swali moja tu limebaki, fundi: ninunue tairi moja au mawili? La kulia bado lina meno.

FundiKipara

La kulia lina milimita ngapi? Likiwa na 4 au 5, nunua moja, saizi ileile na aina ileile. Likiwa na 3 kushuka, nunua mawili umalize, gari litashika barabara sawasawa pande zote. Saizi isome ubavuni mwa tairi kabla hujaenda dukani, na tarehe pia: tarakimu nne za mwisho baada ya DOT ni wiki na mwaka lilipotengenezwa. Wakikupa lililolala stoo miaka sita, kataa.