Tupeane uzoefu: mliotoka kuchora tovuti mkaingia kuandika kodi (code, maagizo ya kompyuta), mlivukaje?

Mchora_Kurasa:
Habari za jioni wakuu.

Huu ni mwaka wa nne nachora tovuti. Nilianza na Photoshop kwa mabango na kadi za harusi, nikahamia Figma, programu ya kuchorea kurasa. Kazi nikimaliza kuichora naipandisha WordPress, mfumo wa kujengea tovuti bila kuandika kodi, kwa kuburuta vipande na kubandika plagini (programu ndogo za nyongeza). Mkono unaenda kinywani.

Mwezi uliopita mteja mwenye saluni akataka wateja wake wachague siku na saa wenyewe, na nafasi ikishachukuliwa isionekane tena. Plagini moja ilitaka dola kila mwezi, nyingine iligombana na templeti. Nikaenda kumwonyesha fomu nzuri kweli, rangi zimekaa, kitufe kimenona. Mama wa watu akabonyeza "Hifadhi". Kimya. Akabonyeza tena. Mara ya tatu akaniangalia mimi badala ya skrini.

Basi nataka kuvuka. HTML na CSS, zile za kupanga na kupamba ukurasa, nazimudu; JavaScript, lugha ya kuufanya ukurasa utende kazi, nikiifungua naona giza. Orodha ya lugha za kujifunza msinipe, nimeshazisoma hadi zinanitoka puani. Nataka yaliyowakuta.

Sato_wa_Ziwani:
Mkuu hapo kwa mara ya tatu nimecheka, samahani.

Mimi nilivukia kwenye PHP, lugha ya upande wa seva (kompyuta inayohudumia tovuti), na MySQL, hifadhidata ya kutunzia taarifa. Kazi ya kwanza ilikuwa fomu ya usajili wa kituo cha tuisheni hapa Mwanza. Niliijaribu wiki nzima kwa jina langu, la mke wangu, la jirani. Safi. Siku ya kuandikisha, mzazi wa tatu anataja ukoo wake, unaanza na Ng'. Ukurasa mweupe. Narudia, mweupe. Foleni inarefuka nyuma yake.

Kumbe ile alama ya juu kwenye ng' ndiyo ileile SQL, lugha ya kuamrisha hifadhidata, inayoitumia kufungua na kufunga neno. Hifadhidata ikaona jina limeishia Ng, herufi zilizobaki ikazisoma kama amri, ikachanganyikiwa. Mimi Msukuma mzima, ng' naitamka tangu sijaota meno, sikuiwaza!

Dawa yake: amri unaituma peke yake ikiwa na alama ya kuuliza pale jina linapokaa, halafu jina linafuata nyuma kama jina tu. Baadaye ndiyo nikajua tundu lile lile ndilo wezi hupitishia amri zao. Hadi leo mteja wa kwanza kwenye kila hifadhidata yangu anaitwa Ng'ombe.

BintiPwani_001:
Mimi niko Mombasa. Yangu ni ya saa.

Nilikuwa napamba tovuti za hoteli ndogo, mwenye hoteli mmoja akaniomba nimtengenezee pahala pa kukata nafasi ya mashua. Safari saa mbili asubuhi, nami nikaandika 8:00 kama inavyotakiwa, nikajiona nimekwepa mtego wa saa zetu na saa za wageni. Lakini seva ilihesabu kwa UTC, saa ya kimataifa ya kulinganishia, nasi tuko mbele yake kwa masaa matatu. Barua pepe ya uthibitisho ikamwambia mgeni 5:00. Familia nzima, na watoto, wamesimama gatini saa kumi na moja alfajiri na giza lake. Nahodha yuko kwake amelala.

Tangu hapo saa naihifadhi kwa UTC, na kuionyesha natumia saa za Nairobi. Ila nikwambie kitu mleta mada: jicho la kuchora lilinisaidia. Nilibadilisha ule ujumbe uandike "saa 2 asubuhi (8:00 AM)", na simu za kuuliza zikapungua.

Kobe_Mwendo:
Mbona wote mnamsukuma avuke? Mimi nilivuka nikarudi.

Miezi minane, kila usiku baada ya kazi, bando linakatika katikati ya somo. Nikaweza kutengeneza vitu vidogo, lakini sikupenda. Kukaa saa nne natafuta nukta-mkato (;) iliyopotea kwenye kodi, hapana. Nimerudi Figma na sijuti, kwa sababu sasa programa nikimpa kazi halalamiki. Zamani nilichora orodha ikiwa imejaa picha nzuri na majina mafupi. Siku hizi nachora na orodha tupu, na jina la herufi arobaini, na mtandao umekatika mtu yuko katikati ya kulipa. Bei yangu imepanda kwa hilo tu.

MzeeWaFlash:
Nyie mnachagua. Mimi kazi yangu ilikufa mikononi. Nilikuwa fundi wa Flash, programu ya Adobe ya kuchezesha michoro kwenye tovuti: michoro inaruka, muziki unalia ukifungua ukurasa (tulikuwa wakorofi). iPhone ikakataa kuibeba, na 31 Desemba 2020 Adobe wakaacha kuihudumia kabisa. Mimi nilikuwa nimeshahama, njaa haisubiri tangazo.

JavaScript ilinipiga kofi la kwanza kwenye fomu ya oda ya maandazi. Mteja anayo 5, anaongeza 1, jumla inasoma 51. Nikadhani laptopu ina ugonjwa. Kumbe kilichoandikwa kwenye kisanduku cha fomu hutoka kama maandishi, si namba, na JavaScript ikiona maandishi inayabandika. Unatakiwa uyageuze namba kwanza. Kwenye kivinjari cha kompyuta bonyeza F12, fungua konsoli (sehemu ya kujaribia kodi), andika "5" + 1 uone mwenyewe. Giza unalolisema mimi lilianza kupungua hapo, si kwenye video.

Mchora_Kurasa:
Wakuu nimerudi, wiki ya tatu hii. Fomu ya saluni inahifadhi! Ng'ombe amekubaliwa, saa zimekaa.

Sasa nimeshika simu mbili, mkono huu na huu, siku ileile, saa ileile, kiti kilekile. Nikabonyeza kwa pamoja. Zote mbili zimejibu "Karibu, nafasi yako imehifadhiwa". Nimekagua kodi mara kumi, inauliza kwanza kama nafasi iko wazi ndipo inaandika. Nimekosea wapi?

Sato_wa_Ziwani:
Hujakosea, zote mbili ziliuliza kabla hata moja haijaandika. Zuio liweke kwenye hifadhidata yenyewe: siku, saa na kiti kwa pamoja visijirudie. Ya pili itakataliwa mlangoni.

Halafu huo ujumbe wa kukataliwa uchore vizuri, hapo ndipo unapotushinda.