Kijana mrefu wa kikapu: aanze timu kubwa au timu changa?

Mkazi wa Shangani, Mtwara

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri kuhusu mpwa wangu. Alianza kuupenda mpira wa kikapu alipotazama UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ya mwaka 2021 iliyofanyika hapa kwetu Mtwara, na sasa amemaliza kidato cha sita akiwa na urefu unaowafanya watu wamwite Hasheem, kwa jina la Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet, kila apitapo. Timu mbili za Dar es Salaam zinamtaka. Moja ni kubwa na ina posho nzuri, lakini tayari ina wachezaji wawili wazoefu katika nafasi yake. Nyingine ni changa, haina zaidi ya nauli na chakula, ila kocha ameahidi kumchezesha. Shemeji anataka ile kubwa. Mimi nasita, kwa sababu Thabeet aliingia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mwaka 2009 akiwa wa pili kuchaguliwa kati ya wachezaji wapya, mbele ya James Harden na Stephen Curry, na bado miaka yake ya mwanzo haikwenda tulivyotarajia. Ni nini hasa kilimkwamisha?

Mwalimu wa michezo, Masasi

Ndugu yangu, kipaji hakikumpungukia. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Connecticut alitajwa mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo, mwaka 2008 na tena 2009, kwa kusimama chini ya pete na kuzuia kila mtupo uliomjia. NBA, hata hivyo, ina kanuni isiyokuwepo vyuoni: mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu haruhusiwi kukaa katika eneo hilo zaidi ya sekunde tatu. Mtu wa mita 2.21 akalazimika kutoka, kurudi na kugeuka kwa kasi ambayo mazoezi peke yake hayafundishi, na Memphis Grizzlies, timu iliyomchagua, walikuwa na Marc Gasol katika nafasi hiyohiyo. Msimu wa kwanza alicheza wastani wa dakika 13 na kufunga pointi 3.1 kwa mchezo. Februari 2010 alipelekwa Dakota Wizards, timu ya ligi ya maendeleo, na wengi wakaliona jambo hilo kuwa fedheha. Mimi naona ndiko alikostahili kuanzia. Februari 2011 akahamishiwa timu ya Houston.

Nayaona hayo kwa wanafunzi wangu warefu. Mshambuliaji akiuinua mpira kidogo tu kama anayetaka kutupa, kijana anaruka. Mshambuliaji huyo anamngoja aanze kushuka, anajisogeza chini yake, filimbi inalia. Kwa kanuni za kimataifa, faulo tano zinamtoa mchezoni. Ugonjwa huo hautibiwi benchi.

Msomaji wa Lindi Mjini

Nakubaliana na mwalimu, na mfano wa Giannis Antetokounmpo, aliyekuja kuwa nyota wa NBA, unamuunga mkono: mwaka 2013 alichaguliwa wa 15, akaenda Milwaukee Bucks, timu iliyoshinda michezo 15 tu msimu ule, akacheza michezo 77 kwa wastani wa karibu dakika 25. Hata hivyo, dakika si kila kitu. Joel Embiid, mchezaji mwingine mrefu, aliyechaguliwa wa tatu mwaka 2014, alikosa misimu miwili mizima kwa jeraha la mguu, na aliporudi, timu yake ya Philadelphia ilimpunguzia dakika kwa makusudi. Miguu ya kijana mrefu inabeba mzigo mkubwa, hasa kwenye viwanja vya saruji. Kwa hiyo, kabla ya kuisifu ile timu changa, muulize kocha wake ni nani atakayemtibu kijana akiumia, na kwa fedha za nani.

Mkazi wa Shangani, Mtwara

Nashukuru sana. Je, ile timu kubwa inaweza kumsajili kisha ikamtoa kwa mkopo?

Mwalimu wa michezo, Masasi

Uliza hilo kabla ya kusaini, na likikubaliwa liandikwe ndani ya mkataba: atakwenda timu gani, kwa msimu upi, na posho na matibabu yatalipwa na nani akiwa huko. Mkataba uwe wa muda mfupi, na shemeji ausome mwenyewe. Ahadi ya mdomo ya kocha haitamsaidia kijana siku kocha huyo atakapoondoka.