Kondoo wanazaliwa usiku na baridi hii, nyinyi mnalala saa ngapi?

Mkulima_Njabini
Habari zenu wafugaji. Niko Njabini huku Kinangop, nina majike 22, Dorper waliochanganyika na wale wetu wa kienyeji. Dume niliingiza tarehe 1 mwezi wa pili, ukihesabu siku 147 unaangukia 28 Juni, na kweli wa kwanza alizaa siku hiyohiyo mpaka nikashangaa. Sasa shida ni hii baridi ya Julai, ukungu unashuka jioni na hautoki mpaka saa nne asubuhi. Wamezaa tisa na nimeshapoteza watoto wawili. Huyu wa pili ndio ameniuma, nilipita saa tano usiku nikaona mama yake amelala anacheua, nikasema huyu bado, kurudi saa kumi na moja katoto kamekufa, kale kangozi kembamba bado kamefunika pua na mama anamlamba mgongo tu. Mtu angekuwa hapo na kitambaa ampanguse, kangekuwa kananyonya saa hii.

Swali langu, mnakagua kila baada ya masaa mangapi? Na kuna mtu ametumia kamera ikamsaidia? Stima huku inapotea kila mvua ikinyesha. Bibi yangu anasema nihamishie godoro bomani tujue moja.

Baba_Naserian
Pole ndugu. Mimi niko Kajiado na wangu ni Red Maasai, hao huzaa wenyewe na asubuhi unakuta katoto kamekauka kanamfuata mama. Huku usiku tunaamka kwa sababu ya fisi na mbweha, sio kwa sababu ya uzazi. Lakini nikwambie kitu kimoja, usiingie kila saa na tochi ukiwamulika machoni. Jike anayezaa mara ya kwanza ukimshtua ataamka, atakimbilia kwa wenzake na kile kitoto atakiacha hapo kama si chake. Simama mlangoni, sikiliza kwanza. Kondoo anayetaka kuzaa ana kamlio kake ka chini chini, hata gizani utajua.

Mama_Makete
Baba Naserian umesema kweli lakini wewe uko kwenye joto, sisi wa Makete na huyo mwenzetu wa Kinangop baridi ni ileile, kitoto kikitoka kimelowa saa nane usiku na kuna upepo hakifiki asubuhi.

Mimi huwa nakagua saa nne, saa saba na saa kumi, basi, zaidi ya hapo mchana huwezi kazi. Ila siwakagui wote! Jioni kabla jua halijazama nawapitia mmoja mmoja nikiwa naona vizuri. Aliyejaa kiwele hadi chuchu zinang'aa, ubavu umebonyea chini ya nyonga, mkia umelegea, huyo namtoa na kumweka kwenye kizizi kidogo ukutani kwa jiko, majani makavu ya kutosha. Usiku natazama hao watatu wanne tu. Ukimwona anaparapara chini kwa mguu, analala anaamka analala, hapo usirudi kitandani, weka chai.

Jingine, chakula wape jioni, kama saa moja hivi, na asubuhi usiwape kitu cha maana. Wengi watasogea kuzaa mchana. Sio wote, usije ukanidai, ila mimi nimeona tofauti.

Kamera nilinunua ile ya laini ya simu na sola. Wiki ya kwanza raha tupu, naangalia nikiwa chini ya blanketi. Wiki ya pili bando likaisha katikati ya usiku, picha ikaganda kondoo ametulia na mimi nikalala nimetulia. Kulipokucha kuna mapacha wawili, mmoja amekaa kwenye mkojo anatetemeka. Kamera ni nzuri lakini alam ya simu ya vitochi haijawahi kuniangusha.

afisa_mifugo_kijijini
Naongezea kwa upande wa tiba. Mfuko wa maji ukipasuka na jike anasukuma, mpe saa moja. Ikipita bila kuona kitu, nawa mpaka kwenye kiwiko kwa sabuni, kata kucha, ndio uguse. Kawaida unakutana na kwato mbili za mbele na pua juu yake. Ukikuta pua na kwato moja, ule mguu mwingine umebaki nyuma: ngoja asiposukuma, rudisha kichwa taratibu, tafuta mguu, funika kwato kwa kiganja isichane tumbo la uzazi, uvute mbele. Miguu miwili bila kichwa usivute hata kidogo, piga simu.

Kikishatoka safisha pua, chovya kitovu kwenye ayodini, halafu kamua tone mbili tatu kila chuchu maana kuna kizibo kama nta, kitoto kinanyonya hewa na wewe unadhani kimeshiba. Cha kilo 3 kipate kama mililita 150 za dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza ya mama, ndani ya saa 2 za mwanzo. Tia kidole mdomoni, kukiwa baridi kama maji ya mtungi basi kiko hatarini. Kisichoweza kuinua kichwa usikinyweshe kwa chupa, maziwa yataenda mapafuni. Na chenye zaidi ya masaa 5 ambacho hakijanyonya kabisa, usikimbilie kukiotesha moto, kinahitaji glukosi kwanza, la sivyo kinapopata joto ndipo kinashikwa na degedege kinakufa mikononi mwako. Hapo ita daktari.

Zalio, yaani kondo la nyuma, likining'inia msilivute. Nimechoka kuisema hii.

Mkulima_Njabini
Wakuu nimerudi. Jana jioni nilitenga wanne kama Mama Makete alivyosema. Saa saba nasimama mlangoni tochi nimeizima, nasikia kale kamlio ka Baba Naserian, kweli kapo! Pua na kwato moja. Mikono ilinitetemeka, na nakwambia humo ndani ni kubana, vidole viliisha nguvu kabla sijaupata huo mguu, lakini ulikuja. Dume kubwa. Nikamuwekea mamake puani akaanza kulamba, nikakamua ile nta, kumbe ni ngumu hivyo, dakika ishirini mkia ulikuwa unacheza kwenye chuchu.

Bado kumi na wawili. Godoro limehamia kwenye stoo ya majani, si bomani. Zamu ya saa kumi amechukua bibi, na ameniambia nikiizima ile alam tena hiyo stoo ndio itakuwa kwangu hadi Disemba.