Tupeane uzoefu: mlio wa picha uliokuingia damuni, ukiusikia tu unajua steringi kafika

Heshima kwenu wakuu, na salamu za pekee kwa wagosi wote mlioko Tanga na mlioondoka.

Uzi huu ni wa zile picha zinazotoka sehemu ya kwanza, ya pili, mpaka ya ishirini na kitu, huku muziki mmoja ukirudi kila mara. Orodha ya majina ya picha siitaki. Nataka kisa: ulikuwa wapi, na nani, mlio ukapigwa, nini kikatokea.

Naanza mimi. Miaka ya tisini mwanzoni kaka yangu alikuwa na kibanda cha video Ngamiani. Televisheni moja, deki moja, mabenchi ya mbao, na spika tuliyoitundika nje juu ya mlango. Kazi yangu ilikuwa kukusanya shilingi hamsini hamsini na kurudisha mkanda nyuma ukiisha. Siku ya James Bond, yule jasusi wa Kiingereza, hatukuhangaika na ubao wa matangazo. Kaka aliupeleka mkanda mpaka pale gitaa la wimbo wake linapoanza, akafungulia spika ya nje dakika moja, akazima. Baada ya hapo ni kuhesabu vichwa. Watoto walikuja mbio, na watu wazima waliotoka swala ya isha wakaja polepole kama wapita njia, kisha wakaingia.

Mtafsiri wetu hakuwa mtu wa kunyamaza, hata risasi zikilia alizifunika kwa sauti yake. Ila gitaa lile likianza, alishusha maikrofoni. Nilimuuliza siku moja kwa nini, akasema, "Hapo hakuna cha kutafsiri."

Sasa kuna usiku mmoja kaka alileta mkanda mpya kutoka Dar, Never Say Never Again. Juu ya ganda yuko Sean Connery mwenyewe, Bond wa kwanza kwenye sinema. Kibanda kilijaa. Kaka akatafuta gitaa apate kufungulia spika ya nje. Akapeleka mbele, akarudisha nyuma, wapi. Tukaanza hivyo hivyo. Sura ni yake, jina ni lake, bastola ipo, lakini watu walikaa kama wako harusini na biharusi hatoki ndani. Nusu saa haijafika, mzee mmoja fundi baiskeli akasimama, akadai hela yake. "Huyu siye. Angekuwa yeye, angepigiwa wimbo wake." Kaka akamwambia, mzee wangu, si sura unaiona? Mzee akajibu kwamba sura za Bond ameshaziona nne, kila moja na pua yake, na hakuna hata moja iliyomtia shaka. Hela hakupewa. Akachukua baiskeli yake akaondoka, na kwetu hakukanyaga tena.

Nimekuja kujua ukweli nikiwa mtu mzima. Picha ile ya 1983 haikutengenezwa na Eon, kampuni iliyokuwa ikitengeneza Bond tangu Dr. No ya 1962. Ilitengenezwa na watu wengine waliokuwa na haki ya kisa cha Thunderball. Kisa walikuwa nacho, muziki hawakuwa nao. Wakampa Michel Legrand atunge mwingine. Kwa hiyo Connery alirudi baada ya miaka 12, ila wimbo ulibaki kule alikotoka.

Na mwaka huo huo wa 1983 Eon wakatoa Octopussy, steringi Roger Moore. Bond anafika Udaipur, India, na mtu wake anamsubiri kajifanya mchezesha nyoka. Anapiga filimbi. Anapiga nini? Wimbo wa Bond! Naye Bond anautambua palepale. Muziki ule ni wetu watazamaji, wahusika hawatakiwi hata kuusikia, lakini pale uliingia ndani ya picha ukawa alama ya kutambuana. Kibanda kizima kilipiga makofi, kaka akalazimika kurudisha mkanda nyuma tuone tena.

Karibuni. Nani anafuata?

Mdau wa Sahare

Umenigusa, mgosi. Changu ni cha papa.

Baba yangu ni mvuvi. Hakuwa mtu wa picha, ila alisikia kuna picha ya papa, Jaws, akasema twende nikaone wamemwelezaje. Mnaujua muziki wake: noti mbili tu, nzito, za chini, zinapokezana polepole halafu zinakimbia. Aliutunga John Williams, 1975. Baba alikuwa anasikiliza kuliko kutazama. Papa mwenyewe kwa muda mrefu haonyeshwi, unaonyeshwa maji tu na noti zile, na hizo zinatosha.

Ikafika pale pezi linaonekana, watu ufukweni wanakanyagana kukimbilia nchi kavu. Kibanda kizima kelele. Baba katulia, mikono magotini. Akaniambia, "Hayupo." Nikamuuliza umejuaje. "Hajaimbiwa." Na kweli, walikuwa watoto wawili na pezi la bandia. Rudieni muitazame, hapo noti hazipigwi kabisa. Muziki ule hausemi uongo.

Lakini mbele kidogo, wako baharini, mkuu wa polisi anamwaga chambo huku ananung'unika. Kimya, hakuna noti. Papa huyo juu, mdomo wazi! Baba aliruka mpaka benchi likaegemea kando. Tulipokuwa tunarudi nyumbani hakusema neno mpaka tulipokaribia mlangoni, akasema, "Ndivyo alivyo. Siku zote anakupa dalili, siku moja hakupi." Nadhani hakuna aliyeielewa picha ile kuliko yeye. Ziko nne, ya mwisho ya 1987, nimeziona zote na noti zimo. Ila ustadi ule wa kujua lini uzipige na lini uzinyamazishe, mimi nimeuona kwenye ile ya kwanza.

Mdau wa bodaboda, Makorora

Dhoom, zile picha za Kihindi za wezi na pikipiki. Ya 2004, ya 2006, ya 2013. Mwizi anabadilika kila sehemu, wimbo wa Dhoom Machale haubadiliki. Kijiweni kwetu mmoja akiuweka kwenye simu, wote tunapiga resi tukiwa tumesimama. Sina la kuongeza.

Mama wa Chumbageni

Wanangu, mimi huwa napita kimya, leo naandika.

Picha za Harry Potter, yule mtoto mchawi, nilianza kuzitazama na kijana wangu akiwa darasa la pili. Kiingereza changu ni cha kuunga, nilikuwa nafuata kwa muziki. Kuna ule mlio unaoanza kama vikengele vidogo. Ala yenyewe inaitwa selesta, ina vibonyezo kama kinanda. Mlio ule ukianza, mwanangu alikuwa ananisogelea mpaka anagusa bega langu. Kijana ndiye aliyenieleza baadaye kwamba mtunzi wake, huyo huyo John Williams wa papa, alifanya tatu za mwanzo tu kati ya picha nane, na waliomfuata wakaendelea kuutumia mlio wake kila mmoja kwa namna yake. Mimi nilikuwa nimeshaona. Kadiri picha zilivyokuwa za giza, vikengele vilizidi kuwa vichache. Nikajua mtoto wa kwenye picha anakua, na wangu pia.

Ya mwisho tuliitazama wiki ambayo alikuwa anasafiri kwenda kidato cha tano. Mwisho kabisa wako kituo cha treni, waliokuwa watoto sasa ni wazazi, wanasindikiza watoto wao. Hapo ukarudishwa muziki wa mwisho wa picha ya kwanza kabisa, ule wa kuondoka shuleni. Sikuwa nimeusikia kwa miaka mingi na sikujua kama ninaukumbuka. Nililia, na maneno waliyokuwa wanasema siyajui mpaka leo. Kijana akanisogelea, bega lake sasa liko juu ya langu.

Mpiga kinanda, Nguvumali

Mama, Mungu akuwekee kijana wako.

Mimi nitasema la ufundi. Napiga kwenye maharusi. Bwana harusi mmoja akataka aingie ukumbini kwa muziki wa Mission: Impossible. Nikamwonya kwamba ule hauhesabiki nne, unahesabika tano. Lalo Schifrin aliutunga kwa ajili ya kipindi cha televisheni cha 1966, picha za sinema zikaurithi kuanzia 1996. Mapigo yake ni marefu mawili, mafupi mawili. Kwa alama za Morse, zile za mistari na nukta za simu za zamani za maandishi, mistari miwili ni M na nukta mbili ni I, yaani herufi za jina lenyewe. Wapambe walipofanya mazoezi, hatua ya tano kila mara iliwakuta mguu hewani. Lilishatoka toleo la dansi lililogeuzwa mapigo manne, na wakaniomba hilo. Nikakataa. Ule wasiwasi wa kutojua mguu utue wapi ndio muziki wenyewe. Tukafanya mazoezi jioni tatu, wakaingia wakihesabu tano kwa midomo, na ukumbi ulisimama.

Na kwako mwenye uzi: ile filimbi ya Udaipur ina asili yake. Monty Norman, aliyetunga wimbo wa Bond, aliutoa kwenye tamthilia yake ya muziki iliyotokana na riwaya ya V. S. Naipaul kuhusu familia ya Wahindi wa Trinidad. Tamthilia haikufika jukwaani. John Barry ndiye aliyeupanga upya, na Vic Flick akaupigia gitaa.

Mdau wa Pongwe

Mimi nitawapinga kidogo, wakuu. Siku hizi nahisi tunauziwa kumbukumbu zetu wenyewe. Picha haina kisa, haina mazungumzo, halafu dakika ya mwisho wanabonyeza mlio wa zamani na sisi tunapiga makofi. Hapo tumeipigia makofi picha au utoto wetu?

Na la pili linaniuma zaidi. Picha zetu za hapa zina sehemu ya kwanza na ya pili miaka yote hii, tuna watunzi, tuna taarab Tanga hii hii. Nitajieni mlio mmoja wa picha ya kwetu ambao mtoto akiusikia nje ya ukuta anakimbia. Wengi wanaokota muziki wa watu wengine na kuubandika.

Mwenye uzi

Mdau wa Pongwe, la pili nakubaliana nawe neno kwa neno. Watayarishaji mnaosoma hapa, mpeni mtunzi kazi kabla hamjapiga picha hata moja, na sehemu ya pili msimbadilishe.

La kwanza nakujibu kwa Casino Royale ya 2006. Steringi mpya, Daniel Craig. Muda karibu wote wa picha wanakudokezea vipande vya wimbo, mzima hawakupi. Bond anakosea, anapigwa, anapenda, anasalitiwa. Sekunde za mwisho anataja jina lake, na gitaa linaingia. Hawakuubonyeza tu, mkuu. Walimfanya aupate kwa jasho.

Jana usiku nilimpigia kaka, sasa anaishi Muheza. Nikamsomea michango yenu yote, nikamweleza na habari ya Eon na haki za muziki, maana sikuwahi kumwambia. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Kumbe yule mzee wa baiskeli alikuwa na haki yake. Nilikaa na shilingi hamsini yake bure."